Mikutano ya video: maswali ambayo watu wa Arusha na Moshi huuliza mara kwa mara

Maswali haya ni yale yale yanayonirudia kutoka kwa watu ninaowafungia mitandao na kuwasaidia vikao: kampuni za utalii za Arusha, vyuo, parokia, vikundi vya akina mama, na koo za Kichaga zenye watoto waliotawanyika duniani. Yameanzia kwenye msingi, yakaishia kwenye hali zisizo za kawaida. Kama kikao chako kinaanza sasa hivi, soma la 4, la 6 na la 9, mengine utayarudia baadaye.

## Mambo ya msingi

1. Mkutano wa video ni kitu gani hasa, na una tofauti gani na simu ya video ya WhatsApp?

Ndani ni kitu kimoja. Kamera na maiki vinageuza sura na sauti yako kuwa namba, mtandao unazisafirisha, na kifaa cha mwenzako kinazirudisha kuwa picha na sauti, papo hapo na pande zote mbili kwa wakati mmoja. Hilo la papo hapo ndilo linalosumbua. Video ya YouTube inaweza kusubiri kidogo na kupakua ya mbele kabla hujaifikia. Mazungumzo hayana nafasi hiyo.

Tofauti iko kwenye uendeshaji. WhatsApp inapiga simu, na hadi watu 32 wanaweza kuwa kwenye simu moja. Zoom, Google Meet, Microsoft Teams au Jitsi zinafungua chumba: kina linki yake, kina mwenyeji anayeweza kuzima maiki za watu au kumtoa mtu.

2. Teknolojia hii ni ya juzi tu, wakati wa korona?

Hapana. Kampuni ya AT&T ilionyesha simu ya picha, Picturephone, kwenye maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1964, na mwaka 1970 ikaanza kuuza huduma hiyo mjini Pittsburgh. Bei iliiua. Kilichofungua njia ni hesabu za kubana picha: kiwango cha kimataifa cha H.261 kilipitishwa mwaka 1988, na kodeki nyingi (ndizo hizo hesabu za kubana) tunazotumia leo zimejengwa juu ya mawazo yake. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Cornell kikatoa CU-SeeMe, programu iliyorusha video kati ya kompyuta za Macintosh kupitia intaneti. Mwanzoni ilikuwa na picha tu, sauti ikaongezwa baadaye. Skype ilianza mwaka 2003, ikaongeza video mwaka 2006, na ikafungwa Mei 2025. Zoom iliingia sokoni mwaka 2013. WebRTC, inayokuwezesha kuingia kikaoni kwa kivinjari bila kusakinisha chochote, ikawa kiwango rasmi mwaka 2021.

Arusha yenyewe si mgeni. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyokuwa pale AICC (Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha), iliruhusu baadhi ya mashahidi watoe ushahidi kwa video wakiwa nchi nyingine, miaka mingi kabla ya Zoom. Enzi hizo mawasiliano yetu na dunia yalitegemea sana satelaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka kwa mawimbi peke yake kulifanya jibu la mwenzako lichelewe nusu sekunde hivi, hata kama amejibu palepale. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, ndipo mazungumzo ya kawaida ya video yalipoanza kuwa kitu cha mtu wa kawaida.

3. Sura yangu inafikaje Minnesota au London kutoka Moshi?

Anza na ukubwa wa mzigo. Picha ya kawaida ya mkutano ina nukta 1280 kwa 720. Ukituma kila nukta na rangi zake mara 30 kwa sekunde, unahitaji zaidi ya Mbps 660 (megabiti kwa sekunde), na nyumba za kawaida za hapa hazina njia hiyo. Kwa hiyo programu inatumia kodeki, hesabu zinazobana mzigo huo hadi Mbps 1 au chini yake. Inafanya hivyo kwa kutuma picha nzima mara chache, kisha inatuma mabadiliko tu: midomo imesogea, mkono umeinuka. Ndiyo maana mtu aliyekaa mbele ya ukuta mtupu huonekana vizuri kwa intaneti ndogo, na aliyekaa uani, migomba ikipepea nyuma yake, picha yake huvunjika. Kila jani linalotikisika ni badiliko linalopaswa kutumwa.

Mzigo uliobanwa hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kwa sauti, mara nyingi kila pakiti hubeba milisekunde 20 tu za maneno yako. Zinatoka Moshi kwa Mkongo wa Taifa hadi Dar es Salaam, zinaingia mkongo wa baharini, zinapita kwenye seva (kompyuta kuu ya programu), zinamfikia ndugu yako. Fikiria ukoo uliogawanywa kwenye Noah kadhaa kwenda harusini: hazifiki kwa mpangilio ziliotoka nao, na kuna inayopotea njia. Programu upande wa pili inasubiri kidogo sana, inazipanga, kisha inaendelea na zilizofika. Iliyopotea haitafutwi sana. Barua pepe hutumwa upya kipande kikipotea, lakini neno la sekunde mbili zilizopita likifika sasa litavuruga mazungumzo tu.

4. Nahitaji vifaa gani?

Simu janja inatosha. Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu, nunua hedifoni zenye maiki, hata zile za waya zinazouzwa barabarani. Watu wanakimbilia kununua kamera, wakati anayeonekana vizuri lakini hasikiki hayupo kikaoni. Asiyeonekana ila anasikika yupo kabisa. Nitalirudia hili mara nyingi kwenye ukurasa huu kwa sababu ndilo linalookoa vikao vingi.

Kisha tafuta pa kuisimamishia simu. Usiishike mkononi, kwani mtikisiko wa mkono nao ni badiliko linalotumwa (swali la 3).

## Bando, kasi na mtandao

5. Kikao cha saa moja kinakula MB ngapi?

Hesabu ni rahisi: Mbps 1 kwa saa nzima ni MB 450. Bando linahesabu unachotuma na unachopokea. Kwa hiyo kikao cha picha nzuri, Mbps 1 kwenda na Mbps 1 kurudi, kinafika MB 900 kwa saa. Ukitumia picha ya kawaida ya kbps 600 (yaani Mbps 0.6) kila upande ni MB 540. Sauti peke yake, ambayo Zoom inaipangia kati ya kbps 60 na 80, haizidi MB 72 kwa saa hata ukijumlisha pande zote mbili.

Kwa kifurushi cha GB 1, basi, una saa moja hivi ya video safi, au zaidi ya saa kumi na mbili za kusikilizana. Zima kamera yako ukiwa huongei. Zuia pia video zinazoingia kama programu yako inaruhusu, maana kuzima kamera yako peke yake hakupunguzi unachopokea.

6. Nimelipia intaneti ya kasi. Kwa nini bado nakatakata?

Kwa sababu kasi uliyouziwa ni ya kushusha, na kikao kinahitaji pia kupandisha. Angalia namba ya pili kwenye kipimo cha kasi, ile ya upload. Ikiwa chini ya Mbps 1, usilaumu programu.

Jambo la pili ni ucheleweshaji. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti ifike ndani ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ikizidi 400 watu wanaanza kukatizana bila kukusudia. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri kilomita 10,000 kwa milisekunde 50 hivi, kwa hiyo umbali una sehemu yake na hakuna fundi wa kuuondoa. Kinachoondoleka ni foleni ya ndani ya nyumba au ofisi yako.

Mfano ninaokutana nao sana kwenye ofisi za utalii Arusha ni huu. Asubuhi kikao na mteja wa ng'ambo kinakwenda vizuri. Saa kumi jioni madereva wanarudi kutoka Serengeti, simu zao zinashika Wi-Fi ya ofisi, na zote zinaanza kupandisha picha na video za simba kwenye akaunti zao bila mtu kugusa kitu. Njia ya kupandisha inajaa, pakiti za sauti zinapanga foleni kwenye ruta nyuma ya picha za simba, na mteja anaanza kusema, "Hello? Hello?" Bosi anapiga simu kwa kampuni ya intaneti kulalamika. Kipimo cha kasi kikifanywa usiku kinaonyesha kila kitu kiko sawa, na kweli kiko sawa, saa hiyo. Dawa yake ni kutenga Wi-Fi ya wageni na wafanyakazi, kuiwekea kikomo cha kupandisha, na kuipa kompyuta ya vikao kipaumbele kwenye ruta. Ruta nyingi zina sehemu hiyo kwenye mipangilio na haijawahi kufunguliwa tangu ilipofungwa ukutani.

7. Nitumie waya, Wi-Fi au data ya simu?

Waya kama upo. Wi-Fi kama uko chumba kimoja na ruta. Kuta za tofali za saruji za nyumba zetu hula mawimbi, na ya 5 GHz huliwa zaidi ya ile ya 2.4 GHz. Data ya simu ni nzuri kuliko Wi-Fi dhaifu, na watu wengi hawaijaribu kwa kudhani Wi-Fi ni bora siku zote.

8. Kwetu ni Kibosho (au Machame, Marangu, Old Moshi) na mtandao ni wa kubahatisha. Tufanyeje mzee aingie kikaoni?

Hapa nina mengi ya kusema, kwa kuwa hawa ndio wanaoachwa nyuma, na mara nyingi ndio wenye kikao.

Mlima una mambo yake. Mnara unaweza kuwa karibu kabisa lakini kuna kilima au bonde la mto kati yenu, na mawimbi ya simu hayapindi kona vizuri. Kihamba chenyewe, kwa migomba na kahawa na miti mikubwa, hufyonza mawimbi, na majani yakilowa hufyonza zaidi. Paa la bati nalo huyazuia. Kwa hiyo mahali pabaya kuliko pote ni sebuleni, katikati ya nyumba, siku ya mvua, na ndipo tunapomkalisha babu.

Zunguka na simu kabla ya siku ya kikao. Jaribu upande wa nyumba unaotazama bondeni kuelekea Moshi mjini, varanda, au juu kwenye kona ya uwanja. Usihesabu vijiti vya mtandao tu. Piga simu ya video ya dakika tano kwa mtu, usikie. Jaribu laini za kampuni tofauti, maana mnara wa kampuni moja unaweza kuwa upande unaofaa. Kama simu inarukaruka kati ya 3G na 4G, iwekee 4G pekee kwenye mipangilio, na ikishindwa iache 3G uzime video.

Ikigoma yote, tumia daraja: mjukuu aliye Moshi mjini, mwenye intaneti nzuri, anampigia babu simu ya kawaida na kuiweka loudspeaker karibu na maiki ya kompyuta yake. Kikao kinamsikia babu, babu anakisikia kikao. Programu ya kompyuta inaweza kudhani sauti ya simu ni kelele na kuikata, kwa hiyo zima sehemu ya kupunguza kelele kwanza. Sauti inatoka kavu kidogo, lakini babu anafungua kikao kwa sala na kutoa neno lake, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hakumwona.

## Sauti na picha

9. Kuna mwangwi au mluzi. Nani mwenye kosa?

Ukisikia sauti yako mwenyewe ikirudi, tatizo haliko kwako. Sauti yako inatoka kwenye spika ya mtu mwingine, inaingia kwenye maiki yake, inakurudia. Wewe huwezi kuitengeneza, na yeye haisikii. Mwenyeji azime maiki moja moja hadi mwangwi unyamaze, kisha aliyepatikana avae hedifoni au apunguze spika.

Mluzi mkali ni vifaa viwili vilivyo chumba kimoja, vyote vimefungua sauti: mama na simu yake, binti na laptopu yake, kochi moja. Kimoja kizimwe sauti kabisa, maiki na spika. Kuzima maiki peke yake hakutoshi.

10. Mvua ikipiga bati siwasikii na hawanisikii. Kuna ujanja?

Hedifoni zenye maiki karibu na mdomo zinasaidia kuliko chochote. Programu nyingi zina kipunguza kelele kinachojua kutenganisha maneno na ngurumo inayoendelea, kiweke juu kabisa. Chumba chenye dari ni bora kuliko kisicho na dari. Masika ikiwa imekolea, pangeni vikao asubuhi kama kawaida ya kwenu ni kunyesha mchana, na muwe na mtu wa kuandika hoja kwenye gumzo la kikao ili asiyesikia asome.

11. Kwa nini picha inaganda lakini sauti inaendelea?

Programu imefanya kazi yake. Njia ikibana, inapunguza picha kwanza ili kulinda sauti. Ikiganda mara kwa mara, mtangulie mtandao: zima kamera mwenyewe.

12. Naonekana mweusi tii, uso hauonekani.

Dirisha liko nyuma yako. Geuka lilitazame.

## Kuendesha kikao

13. Nichague programu ipi?

Kwa watu wachache wa familia, WhatsApp, kwa kuwa kila mtu anayo na hakuna wa kufundishwa. Wakizidi, au kukiwa na ajenda, tumia chumba. Zoom ya bure hufunga kikao baada ya dakika 40 na hupokea hadi watu 100. Google Meet ya bure hutoa dakika 60 kwa kundi. Jitsi ni programu huria, na unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe (swali la 23).

Sababu ya vyumba hivi kumudu watu wengi ni seva ya katikati. Watu kumi wakitumiana moja kwa moja, kila mmoja hupandisha video yake mara tisa. Kukiwa na seva, unapandisha mara moja, nayo inawagawia wengine, tena inampa mwenye simu dhaifu picha ndogo na mwenye njia nzuri picha kubwa.

14. Tuna kikao cha harusi au cha ukoo, watu zaidi ya thelathini. Kisiwe vurugu vipi?

Gawanyeni kazi. Mwenyekiti aendeshe ajenda, na kijana mmoja awe mwenyeji wa chumba: anaruhusu watu, anazima maiki, anaangalia mikono iliyoinuliwa. Mtu mmoja hawezi yote mawili. Maiki zote zizimwe mwanzoni, na anayeongea aitwe kwa jina: "Shangazi wa Arusha, karibu, maiki yako iko wazi." Wakubwa wapewe nafasi bila kusubiri kuinua mkono wa kwenye skrini, wengi hawajui ulipo na hawatauliza.

Mweka hazina aandae orodha ya ahadi na michango mapema na kuishea kwenye skrini. Kusomewa majina hamsini kwa sauti, kwa mtandao unaokatika, kunazaa ugomvi wa kweli: mtu anasikia jina lake halikutajwa wakati lilitajwa sekunde aliyopotea. Na kama mnatumia Zoom ya bure, kipengele cha michango kisiangukie dakika ya 38.

15. Tumekubaliana saa mbili usiku, ndugu wa Marekani wakaja saa isiyo yake. Kwa nini?

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni wa nyumbani: saa mbili usiku yetu, kwenye kalenda ya programu, ni 20:00. Anayeweka 2:00 ameitisha kikao saa nane usiku, na linki itawaambia wote hivyo hivyo.

Wa pili ni kwamba saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, lakini Marekani na Ulaya hubadilisha. Saa mbili usiku ya Moshi ni saa sita mchana Minnesota wakati wa kiangazi chao, na saa tano asubuhi wakati wa baridi. London ni saa kumi na mbili jioni kiangazi, saa kumi na moja jioni wakati wa baridi. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo kuna wiki chache ambazo hata wao kwa wao wanapishana na mazoea. Muscat hawabadilishi: siku zote wametutangulia saa moja.

16. Nusu ya watu wako ukumbini, nusu mtandaoni. Walio mtandaoni wanasema hawasikii.

Kwa sababu wanasikiliza ukumbi kupitia maiki ya laptopu iliyoko meza ya mbele. Chukua waya kutoka kwenye mixa ya ukumbi uingize kwenye kompyuta. Na sauti ya mtandaoni ipelekwe kwenye spika za ukumbi kupitia mixa hiyo hiyo, lakini mwambie fundi sauti asiirudishe kwenye waya unaokwenda kwenye kompyuta, la sivyo kila aliye mbali atajisikia mwenyewe (swali la 9).

Mambo mawili ya adabu: maiki ya ukumbini ipitishwe kwa kila anayeuliza swali, hata mwenye sauti kubwa, na mwenyekiti aanze maswali kwa walio mtandaoni. Wakiachwa mwisho, muda huwa umekwisha.

17. Tunataka ndugu wa nje wafuatilie ibada ya msiba. Tutumie mkutano?

Kama wanatazama tu, rusheni mubashara YouTube au Facebook. Urushaji unachelewa sekunde kadhaa, na ucheleweshaji huo ndio unaoufanya uvumilie mtandao mbovu. Kama kuna atakayesoma wasifu wa marehemu akiwa mbali, fungueni chumba kwa ajili yake peke yake na mfanye majaribio naye siku moja kabla. Asiingie mara ya kwanza akiwa na majonzi, waombolezaji wamekaa kumsubiri.

## Usalama na faragha

18. Kuna mtu anaweza kutusikiliza?

Programu zote kubwa hufunga pakiti kwa usimbaji, kwa hiyo mwenye Wi-Fi ya hoteli hasikii maneno yenu. Simu za WhatsApp zimefungwa toka kifaa hadi kifaa, hata wenye kampuni hawasikii. Zoom ina njia hiyo tangu Oktoba 2020 ila lazima uiwashe, na ukiiwasha baadhi ya huduma hazifanyi kazi.

Hatari ya kila siku ni ndogo na ya kawaida zaidi: linki iliyobandikwa kwenye kundi la watu 200. Washa chumba cha kusubiria, na usimruhusu anayejiita "Samsung A12" kabla hajasema ni nani.

19. Tunaruhusiwa kurekodi?

Waambie watu kabla, na wakubali. Sura na sauti ya mtu ni taarifa zake binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa vikao vya matibabu, ushauri nasaha au migogoro ya ardhi ya familia, ushauri wangu ni kutorekodi kabisa. Andikeni muhtasari.

## Hali zisizo za kawaida

20. Umeme ukikatika katikati ya kikao?

Laptopu ina betri, ruta haina. UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta inatosha saa kadhaa, kwa kuwa ruta inakula umeme kidogo mno. Usipokuwa nayo, simu yenye bando iwe tayari kugawa mtandao, na mwenyeji msaidizi awepo mji mwingine ili chumba kisifungike. Kumbuka minara nayo ina betri zenye mwisho: umeme ukikatika muda mrefu, hata data ya simu hudhoofika.

21. Nyumbani naingia vizuri, ofisini au chuoni inagoma.

Karibu kila mara ni ukuta wa moto (firewall, kizuizi cha usalama wa mtandao) wa ofisi uliozuia UDP, njia ambayo sauti na picha hupendelea. Programu ikinyimwa UDP huzungukia TCP, inayosubiri kila pakiti iliyopotea, na ndipo sauti inapoanza kuja kwa mafungu. Mwombe msimamizi wa mtandao afungue milango (ports) ambayo kampuni ya programu imeitaja kwenye maelekezo yake. Ukiwa na haraka, tumia data ya simu.

22. Nina usaili wa kazi, au nimeitwa kutoa ushahidi mahakamani kwa video. Nijiandae tofauti?

Mahakama ya Tanzania husikiliza baadhi ya mashauri kwa njia hii, na kanuni zake rasmi zilitolewa mwaka 2021. Fuata maelekezo ya karani kuhusu mahali pa kukaa, na uwe peke yako chumbani isipokuwa umeambiwa vinginevyo. Kwa usaili, usitegemee nyumba yenye watu wengi. Omba chumba chuoni au kodi cha saa moja mjini. Ingia dakika kumi kabla, jina lako kamili kwenye skrini, namba ya simu ya mwenyeji ikiwa imeandikwa kwenye karatasi.

23. Mkongo wa baharini ukikatika, Arusha na Moshi wanaweza bado kuonana?

Wanaweza, ila si kwa programu mlizozoea. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy iliharibika kwa pamoja, na Tanzania nzima ikaona mtandao ukizorota. Watu walishangaa kwamba hata mtu wa Sakina hakuweza kuonana na wa Njiro. Sababu ni ile seva ya katikati (swali la 13): wote wawili wako Arusha, lakini chumba chao kiko ng'ambo.

Chuo au hospitali yenye ofisi miji yote miwili inaweza kuweka Jitsi kwenye seva yake ya hapa hapa. Inatosha kompyuta moja yenye Linux, anwani ya IP ya umma, na milango ya TCP 443 na UDP 10000 ikiwa wazi. Pakiti zikibadilishana ndani ya nchi, kwenye vituo vya kubadilishana intaneti kama kile cha Arusha, hazina haja ya kugusa bahari. Uliza kampuni zako za intaneti kama zimeunganishwa kwenye vituo hivyo. Kazi hiyo ifanywe na kujaribiwa siku mkongo ni mzima, kwani programu yenyewe hupakuliwa kutoka nje.